Rifu nzito na rapa mgeni: mwongozo kamili wa kutoa singo ya rock kutoka Lubumbashi

Grupu nyingi za rock hapa L'shi (Lubumbashi) zikitaka kumshirikisha rapa zinafanya hivi: wimbo unaandikwa mpaka mwisho, magita mawili yanajaa kuanzia sekunde ya kwanza, besi inafuata gita noti kwa noti, mpiga ngoma hapumzishi sahani hata kidogo, halafu siku ya mwisho rapa anaitwa, anavalishwa kaski za masikioni, anaambiwa "yaya, ingia hapa". Anaingia wapi sasa? Nafasi hakuna. Anapiga makelele juu ya makelele, fundi anapandisha sauti yake mpaka magita yanakuwa madogo kule nyuma, wimbo ukitoka watu wanasema rapa njo aliuharibu. Hapana, wimbo haukuwa na mlango wa yeye kupitia.

Kwa hiyo kitu kimoja nakisema mapema na nitakirudia kila hatua: mistari ya mgeni haibandikwi juu ya rifu (ile sauti ya gita inayojirudia), rifu njo inatengenezwa ili mgeni apite. Uzito wa wimbo hautoki kwenye wingi wa distosheni (ule mkwaruzo wa gita), unatoka kwenye tofauti kati ya pale mnaponyamaza na pale mnapopiga.

Angalia historia yenyewe. Mwaka 1986 Run-D.M.C. walirekodi upya "Walk This Way", wimbo wa Aerosmith wa mwaka 1975, pamoja na Steven Tyler na Joe Perry wa Aerosmith wenyewe, Rick Rubin akiwa prodyuza, na sababu moja kubwa ya wimbo ule kuchaguliwa ni kwamba ulikuwa unaanza na ngoma tupu, marapa wa New York walikuwa tayari wanaurudiarudia ule mwanzo kwa kurapu juu yake. Nafasi ilikuwepo zamani. Mwaka 1991 Anthrax walipofanya kazi na Public Enemy mambo yalikuwa kinyume, wimbo ulikuwa wa marapa tayari, watu wa metal wakatengeneza magita yao kuuzunguka. Njia mbili tofauti lakini hakuna aliyekuja kubandikwa mwishoni.

Na yule atakayekuambia rock si mambo ya huku, mwonyeshe upande wa Kasumbalesa. Pale ng'ambo ya mpaka, miji ya Copperbelt kama Kitwe, Ndola na Chingola, miaka ya 1970 vijana wa Zambia walipiga rock yenye distosheni nzito mpaka ikapewa jina lake, Zamrock, grupu kama WITCH ya Emmanuel "Jagari" Chanda, na Amanaz. Ile ilikuwa muziki wa watu wa miji ya shaba, sawa na sisi. Na kwenye rap, Baloji alizaliwa hapa hapa Lubumbashi mwaka 1978. Vitu vyote viwili viko nyumbani.

Bon, tuingie kazini.

HATUA YA 1: TEMPO NA KUFUNGA NYUZI

Kabla hujaandika rifu chagua tempo ambayo rapa anaweza kupumua. Rock ya mbio, mapigo 170 au 180 kwa dakika, rapa ataiona ni nzuri lakini mdomo wake utafuata nusu yake tu, 85 au 90. Kwa hiyo mimi napenda kuanzia pale pale, 85 mpaka 100, ngoma ndogo ikigonga kwenye pigo la pili na la nne, kichwa kinatikisika chenyewe. Hapa tuchukue 92 kama mfano na tutaenda nayo mpaka mwisho.

Kwa 92, baa moja ya mapigo manne inachukua sekunde 2.6 hivi, na baa 16 za rapa zinachukua karibu sekunde 42. Kumbuka hiyo namba, juu yake njo utapanga wimbo mzima.

Nyuzi: dropu D inatosha kwa grupu nyingi, unashusha uzi wa sita tu kutoka E mpaka D, kidole kimoja juu ya nyuzi tatu za chini kinakupa akordi nzito na mkono unakimbia bila shida. Dropu C ni nyuzi zote kushuka toni moja halafu ule wa sita unashuka toni moja zaidi, unafika C ya hertzi 65 hivi. Ukienda huko badilisha seti ya nyuzi, chukua inayoanzia 11 au 12 na uzi wa sita wa 54 mpaka 60, kwa sababu seti nyembamba ya 9 ukiishusha mpaka C uzi unalegea, ukiupiga kwa nguvu noti inapanda juu kidogo kabla ya kutulia, na kwenye rekodi hiyo inasikika kama grupu haijui kufunga gita. Wengi wanalaumu gita, kumbe ni nyuzi za dola chache.

HATUA YA 2: RAMANI YA WIMBO

Chukua karatasi. Andika baa, usiandike hisia. Ramani ninayoipenda kwa singo ya namna hii: mwanzo baa 4, mistari ya mwimbaji 16, korasi 8, mistari tena 8, korasi 8, rapa 16, mvunjo (pale wote wanalipuka pamoja) 4, korasi kubwa 16, mwisho 4. Jumla 84, kwa tempo ya 92 ni dakika 3 na sekunde 39 hivi. Redio inapiga bila kukata na mtu wa simu hachoki.

Rapa nimemweka baada ya korasi ya pili kwa makusudi. Hapo masikio yameshazoea rifu, ukiliondoa ghafla mtu anasikia kuna kitu kimetoka, anainua kichwa. Ukimweka rapa mwanzoni kabisa utakuwa umeandika wimbo wa rap wenye gita, ambao pia ni sawa lakini ni kitu kingine.

Sasa zile baa 16 zenyewe, hapa njo kaa muda mrefu kuliko sehemu nyingine zote.

Baa ya 1 mpaka ya 4: ngoma na besi peke yake. Sahani zile kubwa mpiga ngoma asiziguse, abaki kwenye haihati (zile sahani mbili za kukanyaga) iliyofungwa. Gita moja linaweza kuacha mluzi wa ampli ukining'inia, basi, hakuna akordi. Baa ya 5 mpaka ya 8: gita moja linaingia, nyuzi zimezibwa kwa kiganja, linagonga pigo la kwanza na lile la katikati kati ya la pili na la tatu, halafu kimya mpaka baa inayofuata. Ule kimya njo mahali rapa anamalizia sentensi zake, kina chake kinaanguka pale pale kwenye pigo la nne. Baa ya 9 mpaka ya 12: gita la pili linaongeza noti moja ya juu, nyembamba, mbali kushoto, kama kengele ya hatari isiyokoma. Baa ya 13 mpaka ya 15: ngoma ya mguu inaongezeka maradufu, besi inapanda, unasikia kitu kinakuja. Baa ya 16: pigo mbili za kwanza wote, pigo mbili za mwisho HAKUNA KITU, rapa peke yake na neno lake la mwisho. Halafu mvunjo, magita yote, sahani zote, kila mtu kwa nguvu zake.

Ukipanga hivyo, hata gita la bei ndogo litapiga kifua. Na kama mnataka rangi ya kwetu, kwenye zile baa 4 za kwanza jaribuni karindula, ile banjo kubwa ya pipa na ngozi ya mbuzi, ina sauti ya chini yenye vumbi ambayo hakuna pedali inayoitoa, inakaa chini ya rap vizuri sana.

HATUA YA 3: KUMTAFUTA RAPA NA KUONGEA NAYE

Usichague kwa wafuasi wa mtandaoni. Chagua sauti inayotofautiana na mwimbaji wenu: mwimbaji akiwa na koo la kukwaruza, tafuta rapa mwenye sauti tulivu na kavu, maneno yake yanasikika herufi kwa herufi. Wawili wote wakipiga kelele wimbo unakuwa na rangi moja tu. Na umwone akirapu mbele ya watu bila biti (muziki wa nyuma), pale utajua kama anashika tempo au biti njo ilikuwa inambeba.

Mwandikie kwa heshima hata kama ni rika lako. Ujumbe wa namna hii unatosha:

"Jambo yaya. Tuko bantu bane, tunapiga rock ku Katuba. Tuko na traki moja ya 92, inasema juu ya vijana benye kuchimba. Mu kati tulikuachia baa 16, magita inanyamaza pale. Minakutumia demo, sikia kwanza. Ukiipenda tunaongea mambo ya feza mbele ya kuingia studio. Ukiona haiko yako, hakuna mubaya, tutabakia bandugu."

Unaona kilichomo: tempo, mada, baa ngapi, na feza inatajwa mapema. Rapa wa kweli akisoma "magita inanyamaza pale" anajua anaongea na watu wanaofikiri.

Makubaliano yaandikwe hata kwenye ukurasa mmoja na kila mtu aweke sahihi. Mambo manne: analipwa kiasi gani siku ya kurekodi au hakuna malipo ila ana sehemu, sehemu yake kwenye utunzi ni asilimia ngapi (maneno aliyoandika ni yake, sheria ya haki za watunzi ya Congo, ya tarehe 5 Aprili 1986, inamtambua kama mtunzi), sehemu yake kwenye rekodi yenyewe, na jina lake litaandikwaje kwenye singo. Hilo la mwisho watu wanalidharau, halafu wimbo unatoka na jina limekosewa herufi na kulirekebisha kwenye majukwaa yote kunachukua wiki.

Lugha mwachie yeye. Kiswahili chetu cha L'shi kikichanganyika na Kifaransa na Kibemba kidogo kinarapika vizuri kweli, silabi ni fupi na zinagonga. Mpe mada na mstari mmoja wa korasi ili ajue anajibu nini, basi.

HATUA YA 4: DEMO NA FAILI

Rekodi demo hata kwa simu mkiwa repetisheni, lakini kwa metronomu. Kisha mtumie vitu viwili: wimbo mzima aelewe safari, na zile baa 16 peke yake zikijirudia aandikie. Faili za kweli za kazi zianzie zote sekunde sifuri, na baa mbili za klik mwanzoni, ili yeyote atakayezifungua kwenye programu yoyote zikae mahali pake bila kusukumwa.

WhatsApp ukituma kama sauti inaibana, tuma kama dokima (document) ili faili ibaki vilevile. Sauti ya mono ya WAV, biti 24 na 48 kHz, inakula megabaiti karibu 9 kwa dakika, kwa hiyo traki moja ya wimbo wetu ni megabaiti 32 hivi. Traki zote 20 au 30 kwa megi za simu ni hasara, peleka flashi kwa mkono.

HATUA YA 5: KUREKODI, NA HABARI YA UMEME

Delestaji, yaani kukatwa umeme kwa zamu, ipo, voltiji inapanda na kushuka, panga kazi kwa kuijua. Kompyuta ndogo yenye betri nzuri na kadi ya sauti inayokula umeme kwa USB vinaweza kuendelea hata umeme ukikatika, kwa hiyo besi na gita vinaweza kurekodiwa moja kwa moja bila ampli, ukapitisha ile sauti safi kwenye programu ya ampli au kwenye ampli ya kweli siku kuko umeme. Save kila baada ya teki moja, yaani kila mkirekodi mara moja.

Mngurumo ule wa hertzi 50 unaosikia kwenye gita unatoka kwenye nyaya za nyumba. Jaribu kuchomoa chaja ya kompyuta, geuza mwili wako pole pole mpaka upate upande ambao mngurumo unapungua, sogea mbali na regileta ya umeme. Ila sikia: usikate wala kuondoa waya wa ardhini kwenye plagi ya ampli ili kuua mngurumo. Mtu ameshika nyuzi za gita, mdomo wake unagusa mikro iliyounganishwa kwenye mashine nyingine, umeme unapita kwake. Watu wamekufa kwa hilo. Kama nyumba haina waya wa ardhini, lipa fundi auweke kabla ya kununua pedali yoyote.

Ngoma: ukiwa na mikro nne, moja kwenye mguu, moja kwenye ngoma ndogo, mbili juu. Zile mbili za juu chukua kamba, pima kutoka katikati ya ngoma ndogo mpaka mikro ya kwanza, halafu urefu ule ule mpaka ya pili. Ukikosea hapo ngoma ndogo inasikika nyembamba na hakuna kitu cha kuirudisha kwenye miksi. Chumba kikiwa cha bati na ukuta mtupu, ning'iniza mablanketi mazito nyuma ya mpiga ngoma na juu yake.

Magita: punguza geini, yaani nguvu ya distosheni. Najua inauma, mpiga gita amekuja na pedali yake mpya, lakini rifu moja mtalirekodi mara mbili, moja kushoto kabisa moja kulia kabisa, na distosheni za teki mbili zinajumlishana. Geini ya wastani mara mbili ni ukuta, geini ya mwisho mara mbili ni moshi. Ziwe teki mbili za kweli, usikopi moja ukaisogeza, kwa sababu tofauti ndogo ndogo za mkono njo zinaleta upana. Mikro ya SM57 au ya namna hiyo iwe sentimita 2 mpaka 5 kutoka kitambaa cha spika, pembeni kidogo ya katikati, ukiipeleka katikati kabisa inakwaruza masikio.

Besi irekodiwe mara mbili kwa maana nyingine: ile safi ibaki, halafu kopi yake iwekwe distosheni na kukatwa sauti za chini. Spika ya simu haiwezi kutoa hertzi 60, kwa hiyo mtu wa simu anasikia besi kupitia ule mkwaruzo wa juu.

HATUA YA 6: SIKU YA RAPA

Asikute watu kumi studio. Fundi, mtu mmoja wa grupu, yeye, na kama amekuja na ndugu yake mmoja sawa. Mpe maji ya vuguvugu, soda ya baridi baada ya kazi. Mikro sentimita 10 mpaka 15 kutoka mdomo, chujio la pumzi mbele, ukikosa chujio geuza mikro pembeni kidogo ili P na B zisilipuke. Kiwango kwenye programu kisigonge sifuri, vilele vibaki karibu na desibeli -10.

Mwache apite mara tatu mzima mzima bila kusimamishwa. Usimkatize kwa neno moja lililoteleza, kwa sababu nguvu ya rap iko kwenye mwendo, na teki ya pili mara nyingi njo ina moto. Baada ya hapo mnarekebisha mstari kwa mstari. Kisha arekodi safu ya pili, maneno ya mwisho tu ya kila mstari, kwa kulifuata lile la kwanza kabisa, na safu ya tatu ya vituko vyake vya pembeni. Mtu wa grupu aliyepo asikilize matamshi: kama yeye mwenyewe anayeujua wimbo hakushika neno, msikilizaji hatashika.

HATUA YA 7: MIKSI

Anza miksi kwa zile baa 16, siyo mwanzo wa wimbo. Weka sauti ya rapa, ngoma ya mguu na besi, vikae sawa, halafu magita yaongezwe mpaka yaanze kumsumbua, rudisha nyuma kidogo, simama hapo. Magita yakatwe chini ya hertzi 80 au 100, ile sehemu ni ya besi na mguu, na kwenye sehemu ya rap peke yake yashushwe desibeli 2 au 3 kati ya 2 na 4 kHz kwa sababu konsonanti zake zinaishi pale. Sauti yake iwekwe kompresa (kifaa cha kubana sauti) ya 4 kwa 1, ishuke desibeli 3 mpaka 6 akipaza. Mwangwi kidogo sana, rap ikiwa na mwangwi mrefu juu ya rock inarudi nyuma ya ukuta.

Halafu fanya jambo moja dogo: korasi ile inayofuata mvunjo ipandishe desibeli moja tu. Hakuna atakayejua, wote watasikia.

Sikiliza kwenye simu, kwenye kaski za bei ndogo, na muombe dereva wa taksi-busi aweke flashi yako wakati anasubiri abiria. Kama mistari ya rapa inaeleweka pale, mbele ya injini na makonda, miksi imeisha. Kwenye mastaringi, ile hatua ya mwisho baada ya miksi, acha kilele kwenye desibeli -1, na usiue wimbo kwa kuupandisha, Spotify inashusha nyimbo zenye sauti kubwa karibu na LUFS -14 (kipimo cha ukubwa wa sauti), na wimbo uliobanwa mpaka mwisho ukishushwa unabaki mwembamba, ule mlipuko wa baa ya 17 uliouhangaikia unapotea.

HATUA YA 8: KUITOA

Andikisheni wimbo SOCODA, shirika la haki za watunzi lililopo tangu 2011, majina yote ya watunzi na asilimia zilezile mlizosaini. Kila rekodi inapata ISRC, alama yake ya utambulisho yenye herufi na namba 12, msambazaji wa mtandaoni kwa kawaida anakupatia, itunze. Mgeni aingizwe kama msanii mshirikishwa kwenye sehemu yake ya fomu, usiandike jina lake ndani ya kichwa cha wimbo tu, la sivyo halitokei kwenye ukurasa wake.

Kwa redio na televisheni, kuko tume ya taifa inayochunguza nyimbo na maonyesho, na wimbo unatakiwa kupata ruhusa. Watu wengi hawajali mpaka siku inapowagusa: mwezi wa 11 mwaka 2021 vituo vilikatazwa kupiga wimbo wa grupu la MPR la Kinshasa, halafu katazo likaondolewa kwao. Singo yenye mistari mikali ya rapa iwe na karatasi zake mapema.

HATUA YA 9: JUKWAANI

Jukwaani kosa la kwanza linarudi, magita yanasahau kunyamaza kwa sababu watu wanashangilia. Fanyeni repetisheni ya zile baa 16 peke yake, mara nyingi kuliko wimbo mzima, na mpiga gita wa pili aondoe mkono kabisa kwenye nyuzi. Rapa awe na mikro yake mwenyewe, mwambie asifunike kichwa cha mikro kwa mkono, inapiga mluzi na maneno yanazibika, na spika ya kurudishia sauti iliyo mbele yake iwe na ngoma na sauti yake tu.

Akiwa hawezi kufika, mkubaliane mapema: mwimbaji wenu apige mistari yake kwa ruhusa, au mpige baa 8 za ngoma na besi mruke kwenye mvunjo. Na mkilipwa kwa onyesho ambalo alikuwepo, sehemu yake itoke usiku huohuo, kabla ya kupakia vyombo kwenye gari.